Kupika aluminiamu ya baridi kali Mtwara: tathmini ya karakana moja baada ya mizigo mitatu

Karakana tunayoizungumzia ipo Mtwara mjini, upande wa barabara ya kwenda Mikindani. Ina tanuru la umeme lenye feni ndani, tangi la maji la chuma, oveni ndogo ya kukomazia na mashine ya kupimia ugumu. Jina lake tunaliweka kando kwa sababu humu mna sifa na lawama, na lawama mojawapo wenyewe wameahidi kuirekebisha. Tumewapelekea mizigo mitatu ya vipande vya chombo cha naitrojeni ya kimiminika: pleti za aloi ya aluminiamu ya namba 2219 zenye unene wa milimita 6 na 12, pete za aloi ya 6061, na shiti za 6061 za milimita 1.6. Vyote vinakwenda kufanya kazi kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Maoni yetu ni haya. Kuzima, yaani kuitumbukiza metali majini ikiwa na moto wa tanuru, wanakujua vizuri sana. Kukomaza, yaani kuipasha tena kwa moto mdogo kwa saa nyingi ili ipate nguvu, wanakujua, ila usimamizi wa usiku ni dhaifu. Vipimo vya mwisho havitoshi kwa kazi ya baridi. Mwenye 6061 aende bila wasiwasi. Mwenye 2219 aende, lakini asome kwanza tuliyoyakuta. Mwenye 2195 au aloi nyingine yenye lithiamu akae na vipande vyake, maana hawana vifaa vyake na wao wenyewe wanalisema hilo waziwazi.

Swali linaloulizwa sana, hasa tangu Likong'o kule Lindi itengwe kwa ajili ya mtambo wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika), ni kwa nini kuhangaika na aluminiamu wakati chuma kipo. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo tumeizoea ikiwa ndani ya bomba, na bomba la chuma linaitosha. Gesi hiyo hiyo ikigeuzwa kimiminika inashuka hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na hapo chuma cha kawaida cha ujenzi hupasuka kama kigae. Inabidi kiongezwe nikeli, kama asilimia 9, ndipo kivumilie. Aluminiamu haina tatizo hilo. Atomi zake zimepangwa kwa namna inayoruhusu tabaka moja kuteleza juu ya jingine hata kwenye baridi ya haidrojeni ya kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri. Kadiri inavyopoa ndivyo inavyopata nguvu. Pleti ya 2219 katika hali ya T87, namna ya kupika na kukomaza tutakayoieleza mbele, huhimili ufa kwa kiwango cha megapaskali 40 hivi mara kipeuo cha pili cha mita kwenye joto la chumbani. Ndani ya naitrojeni hufika 46 hivi, na ndani ya heliamu ya kimiminika 52 hivi. Hatua ya kwanza ya roketi ya Saturn V ilijengwa kwa aloi hiyo, na pia tangi la nje la vyombo vya Space Shuttle vya Marekani, hadi mwaka 1998 walipohamia 2195 yenye lithiamu na kupunguza uzito wa tangi kwa takribani tani 3.4.

Namba hizo zote ni za metali iliyopikwa sawasawa. Aluminiamu imejengwa kwa punje ndogondogo zilizobanana kama matofali, na mipaka ya punje ndiyo udongo wa kushikizia. Baridi huimarisha matofali. Kama shaba iliyomo ndani ya aloi imejikusanya kwenye mipaka kwa sababu ya kuzimwa polepole, udongo unabaki dhaifu huku matofali yakizidi kuwa magumu, na ufa unafuata njia ya udongo. Kwa hiyo kosa la tanuru ambalo kwenye joto la Mtwara usingeligundua maisha yako yote, ndani ya naitrojeni linajitokeza mara moja.

Ndiyo maana tulianza kuwapima kwa kuzima. Kipindi cha hatari ni pale metali inapopita kati ya nyuzi 400 na 290 hivi, kwa kuwa hapo shaba hujitenga kwa kasi kuliko mahali pengine. Inatakiwa ipite pale ikiwa tayari ndani ya maji. Viwango vya kazi za anga huruhusu sekunde 15 kwa unene wa milimita 2.3 na zaidi, sekunde 10 kwa shiti za kuanzia milimita 0.8 hivi, na sekunde 5 tu kwa zile za chini ya milimita 0.4. Saa inaanza kuhesabu mlango wa tanuru unapoanza kufunguka, na inasimama kona ya mwisho ya kipande inapozama. Wengi huhesabu tangu kipande kinapotoka nje, na hapo tayari wamejidanganya sekunde tatu au nne.

Tuliwarekodi kwa simu mizigo yote mitatu, kisha tukahesabu picha moja moja. Pleti za milimita 6 zilizama zote katika sekunde 9. Shiti za milimita 1.6, ambazo ndizo zenye haraka zaidi, sekunde 8. Siri yao ni mpangilio. Tangi la maji limewekwa hatua mbili tu mbele ya mlango, na juu kuna reli yenye kapi inayobeba tenga la chuma. Fundi mmoja anafungua mlango, wa pili anavuta tenga kwa ndoana ndefu, wa tatu ameshika kamba ya kapi na kazi yake ni kuachia tu. Hawasemezani. Kabla ya mzigo wa kweli walifanya zoezi mara mbili na tenga tupu, tanuru likiwa baridi. Hilo peke yake lilitupa imani nao.

Ndani ya tenga vipande vilisimamishwa wima, vikiachana kama upana wa vidole viwili, vimefungwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Kipande kinachoingia kikiwa kimelala hunasa mvuke upande wa chini, na mvuke ni blanketi: upande ule unachelewa kupoa, pleti inajipinda, na sehemu iliyochelewa inabaki na mipaka dhaifu. Kwao maji yalikuwa yanazungushwa na pampu, na tenga lilichezwa juu chini hadi mchemko ulipokwisha.

Maji yenyewe ndiyo mtihani wa pwani yetu. Yanatakiwa yawe chini ya nyuzi 38 kabla ya kuzima, na yasipande sana baada yake. Piga hesabu: kilo 20 za aluminiamu zikishuka kutoka nyuzi 535 hadi 35 hutoa joto la kama megajuli 10. Kwenye pipa la lita 200, joto hilo linapandisha maji nyuzi 12. Kama pipa lilikuwa juani na lina nyuzi 31, umefika 43, na kipande cha mwisho kimezimwa kwenye maji ya kuogea. Kwenye tangi la lita 2,000 maji hayo yanapanda nyuzi moja na kidogo. Tangi la karakana hii ni la lita 2,000, liko kivulini, na wanapenda kuzima saa moja asubuhi kabla bati halijashika joto. Mteja anayeletewa pipa la lita 200 mahali pengine achukue vipande vyake na kurudi nyumbani.

Lawama ya kwanza inahusu maji hayo hayo. Yanatoka kisimani na yana chumvi kiasi cha kuonjeka. Kwa 6061 si neno kubwa. Kwa 2219 yenye shaba karibu asilimia 6, chumvi iliyokauka juu yake ni mwanzo wa vishimo. Baada ya kuzima waliviacha vipande barazani vipate upepo, na siku hiyo kusi lilikuwa linavuma moja kwa moja kutoka baharini. Tulipofika mchana tayari kulikuwa na madoa meupe kwenye pleti mbili. Yalitoka kwa kusugua, lakini vishimo vya kwenye chombo cha baridi ndipo ufa unapoanzia. Waombe wasuuze kwa maji baridi ya mvua au ya bomba mara tu baada ya kuzima, wakaushe kwa kitambaa safi, na wavifunge kwa karatasi kavu. Tulipowaeleza walikubali, na mzigo wa pili na wa tatu ulitoka safi.

Kwenye joto la tanuru hatukuwa na ugomvi nao. 2219 hupikwa kwa nyuzi 535, ikiruhusiwa kupanda au kushuka nyuzi 6 tu. Juu hakuna nafasi ya kuchezea: kwenye nyuzi 543 mipaka ya punje huanza kuyeyuka, na kipande kilichoyeyuka mipaka hakirekebishiki kwa namna yoyote, ni cha kuuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa macho hakionyeshi dalili kubwa, ndiyo maana kinatisha. Walifunga themokapo tatu (nyaya za kupimia joto), mbili kwenye pembe za tenga na moja imegusishwa kwenye pleti nene ya katikati. Dakika zilihesabiwa tangu ile iliyochelewa kuliko zote ilipofika kiwango cha chini: dakika 55 kwa milimita 6, dakika 65 kwa milimita 12. Ukichanganya unene tofauti kwenye tenga moja, hesabu inafuata kilicho nene.

Unyevu ni jambo jingine ambalo watu wa bara hawalifikirii sana. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa ya Mtwara ni kama kitambaa kilicholowa, na mvuke wa maji ukikutana na aluminiamu yenye joto kali huiachia haidrojeni inayopenya ndani ya metali. Matokeo ni malengelenge madogo juu ya uso, kama ya ngozi iliyoungua. Mafuta ya mashine yaliyobaki, hasa yenye salfa, huzidisha. Karakana hii inaosha vipande kwa sabuni, inavisuuza, kisha inavikausha kwenye oveni ya kukomazia kwa nyuzi 100 na kitu kabla ya kuvipeleka kwenye tanuru. Hatukuona lengelenge hata moja. Wasichofanya ni kutunza vipande vya mteja vikavu kabla ya siku ya kazi, kwa hiyo peleka vimefungwa na vipelekwe karibu na siku yenyewe.

Sasa kukomaza, ambako ndiko mteja asiyeuliza ataumia. Mchoro wetu wa pete na pleti ndogo ulitaka T62, yaani kupikwa, kuzimwa na kukomazwa kwa moto bila kuvutwa. Kwa 2219 hiyo ni nyuzi 191 kwa saa 36. T87 ni jambo tofauti: baada ya kuzima pleti inapunguzwa unene au kuvutwa kwa asilimia 7 ikiwa baridi, kisha inakomazwa kwa nyuzi 163 kwa saa 24. Ule mvuto unatengeneza mikwaruzo midogo isiyohesabika ndani ya punje, na chembe za shaba hujipanda humo badala ya kukimbilia mipakani. Ndiyo maana T87 ina nguvu na wakati huohuo inavumilia ufa. Nguvu ya T62 kabla ya kuanza kunyooka ni megapaskali 290 hivi, ya T87 ni 390 na ushei. Karakana hii haina mashine ya kuvutia pleti, na hakuna tunayoijua kusini yote. Kwenye stakabadhi yao wanaandika "T6" kwa kila kitu. Mteja mwenye mchoro unaosema T87 akipokea kipande chenye stakabadhi ya T6 na kukifunga kwenye chombo, amefunga kitu chenye robo pungufu ya nguvu aliyoipigia hesabu. Tuliwaomba waandike nyuzi na saa badala ya herufi, na tunashauri kila mteja adai hivyo hivyo.

Saa 36 maana yake kuanza saa mbili usiku wa Ijumaa na kumaliza saa mbili asubuhi ya Jumapili. Usiku wa Jumamosi karakana inabaki na mlinzi. Kwenye mzigo wa pili umeme ulikatika usiku huo, na hakuna aliyetuambia. Tulikuja kuuona wenyewe kwenye karatasi ya kalamu inayochora joto la oveni: mstari unashuka kutoka 191, unatambaa hadi 120 hivi, kisha unapanda tena. Waliendelea hadi saa iliyopangwa mwanzo na kutoa vipande. Umeme kukatika wakati wa kukomaza si msiba. Saa zinasimama metali inaposhuka chini ya kiwango, zinaendelea inaporudi, na unaongeza muda uliopotea mwishoni. Kosa lilikuwa kutohesabu na kutosema. Vipande vilirudishwa ndani kwa saa zilizobaki, bila malipo ya ziada, na tunawashukuru kwa hilo. Wameahidi kufunga kengele inayopiga simu ya fundi. Tukiandika haya, bado haijafungwa.

Kama umeme ungekatika kwenye nyuzi 535 hadithi ingekuwa nyingine. Pleti inayopoa polepole ndani ya tanuru inapitia kile kipindi cha 400 hadi 290 kwa mwendo wa kobe, na mipaka yote ya punje inajaa shaba. Dawa ni moja: kurudia tangu mwanzo, joto lote na dakika zote, kabla ya kuzima. Kwa hatua hiyo wanawasha jenereta ikae tayari, na tuliikuta ikinguruma kabla mlango haujafungwa.

Kwa 6061 mambo ni mepesi. Nyuzi 530, maji, kisha nyuzi 177 kwa saa 8. Inamalizika mchana kweupe watu wakiwepo. Shiti nyembamba zilijipinda kidogo baada ya kuzima, na walizinyoosha ndani ya saa moja zikiwa bado laini, wakitumia nyundo ya mbao juu ya meza bapa. Ukisubiri hadi kesho yake imeshaanza kukaza yenyewe, na ukiinyoosha kwa nguvu unaacha mkazo ndani unaotafuta pa kutokea siku ya baridi.

Jambo lililotupa heshima kubwa kwao lilikuwa kazi waliyoikataa. Tukiwa pale alikuja mteja mwingine na pleti za 5083 za boti, akitaka zipikwe ziwe ngumu. Fundi mkuu alimjibu kwa upole: "Kaka, hii haipikwi. Nguvu yake inatoka kwenye magnesiamu na kwenye kufinyangwa. Nikikuwekea kwenye oveni nitakuharibia, bahari itaila." Ni kweli kabisa. Aloi zenye magnesiamu zaidi ya asilimia 3, zikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 65 na 200, huzalisha kwenye mipaka ya punje kitu ambacho maji ya chumvi hukishambulia kwanza. 5083 ndiyo iliyojengewa matangi ya duara ya meli nyingi za LNG, na haikuhitaji tanuru kwa baridi ile. Angeweza kuchukua fedha za yule mteja na kumrudishia pleti zilezile zimebadilika rangi kidogo, na mteja asingejua.

Vipimo vya mwisho ndivyo vinavyobaki nyuma. Wanapima ugumu wa Brinell mahali pamoja kwa kila kipande, basi. T62 ya 2219 inatakiwa isomeke kama 115, 6061-T6 kama 95, na vyetu viliangukia humo. Lakini ugumu peke yake hauonyeshi mipaka ya punje. Kipande kilichochelewa kuzimwa kinaweza kusoma ugumu wa kuridhisha na bado kikawa dhaifu kwenye baridi. Kipimo cha kukisindikiza ni cha upitishaji umeme, kile kikalamu cha kugusisha juu ya uso: 2219 iliyokomazwa vizuri husoma karibu asilimia 30 ya kiwango cha shaba, 6061-T6 karibu 43. Ugumu ukishuka huku upitishaji ukipanda juu ya hapo, shaba imetoka mahali pake. Kifaa hicho hawana. Tulitumia chetu, pembe nne na katikati ya kila pleti, na usomaji ulilingana.

Uvumilivu wenyewe dhidi ya ufa hawaupimi, na hatuwadai, maana hiyo ni kazi ya maabara. Weka kwenye kila tenga vipande viwili vya sampuli kutoka pleti ileile, vipikwe pamoja na mzigo, kisha vikatwe mkato na kuvunjwa baridi. Kwa kipimo cha nyundo inayobembea, sampuli ikae ndani ya naitrojeni ya kimiminika dakika 5 au zaidi na ipigwe ndani ya sekunde 5 tangu itolewe. Fanya hivyo mlango na madirisha yakiwa wazi. Naitrojeni ikifukuza hewa chumbani haina harufu wala haikuonyi.

Malipo ni kwa mzigo wa tanuru, si kwa kilo, kwa hiyo kipande kimoja kidogo kinalipia sawa na tenga zima. Subiri uwe na vya kutosha au ungana na mwenzako mwenye aloi ileile na unene unaokaribiana. Usikubali 2219 na 6061 zipikwe pamoja ili kuokoa gharama, hata mtu akikuambia nyuzi zake zinakaribiana. Gonga namba ya aloi kwenye kila kipande kwa chapa ya chuma, kando na mahali patakapobeba mkazo, maana wino wote unaungua. Tuma mapema karatasi yenye aloi, unene, nyuzi, dakika na saa unazotaka, na uombe nakala ya karatasi ya kalamu nzima, tangu mlango kufungwa hadi oveni kuzimwa. Mara ya kwanza walitupa kipande tu cha karatasi hiyo. Kwa mzigo wa nne, uliopangwa baada ya kengele kufungwa, tumeomba ndefu yote.